Wachapishaji wadogo wanaolipa waandishi wa kuchu na transi: maoni yangu nikiwa Mwanza

Wadau habari zenu. Haya ni maoni yangu kuhusu wachapishaji wadogo wanaotoa vitabu na majarida ya waandishi wa kuchu (mashoga, wasagaji na wenzao) na transi (watu ambao jinsia yao sio ile waliyoandikiwa walipozaliwa), wengine nimewasoma tu, wengine mimi au watu wangu wa karibu tumeshawatumia kazi, na kiukweli napima vitu vichache: kitabu chenyewe kinasomeka au la, mwandishi analipwa au anapewa asante, na mtu aliyeko huku Mwanza anakipataje. Mtaniwia radhi nitaongelea sana hela, maana naona watu wengi wakisifia vitabu vya aina hii wanasifia ujasiri, eti mwandishi jasiri, mchapishaji jasiri, na habari ya nani kalipwa inapitwa juu juu.

Mimi nafanya kazi steshenari karibu na chuo, kuchapa, kutoa kopi, kubana ripoti za fildi za wanafunzi. Kuchapa ukurasa kuna bei yake imebandikwa ukutani na hajawahi kuja mwanafunzi akaniambia nichapie bure utapata kujulikana. Ila ikija kwenye kuandika maisha yetu sisi, kila mtu anaona ni kitu cha kutolewa bure tu. Kuna mradi mmoja uliwahi kupita Kanda ya Ziwa, siutaji jina, walituita hotelini tukaeleza mambo yetu yote, nyumbani, kanisani, polisi, wakarekodi, tukapewa soda na msosi na nauli. Baadae maneno yangu nikayakuta kwenye ripoti yao, karatasi ile ngumu ya kung'aa, neno kwa neno nilivyoongea, na chini yake pameandikwa "kijana, Mwanza". Ukurasa wa mwanzo una jina la mpiga picha, jina la aliyepanga kurasa, jina la mtafsiri. Wote wale walilipwa na walistahili. Mwenye maneno ndio hakupata kitu, hata kopi ya ripoti niliiona kwa mtu. Toka hapo nikiona kitabu au jarida la watu wetu swali langu la kwanza ni hilo, aliyeandika kapata nini?

Sasa tuje kwenye vitabu vyenyewe.

Ninachokiweka juu kabisa ni Queer Africa: New and Collected Fiction, kilitoka Johannesburg 2013, wahariri ni Karen Martin na Makhosazana Xaba, mchapishaji MaThoko's Books ambayo ni tawi la GALA, ile taasisi inayotunza kumbukumbu za watu wa kuchu pale Afrika Kusini. Jina MaThoko ni la mama mmoja wa KwaThema, Thokozile Khumalo, aliyekuwa anawapokea nyumbani kwake vijana mashoga na wasagaji, na mimi hilo lilinigusa kabla hata sijaanza kusoma, kwamba mama aliyekuwa anawapa watu mahali pa kujisitiri leo jina lake liko kwenye mgongo wa kitabu. Mwaka uliofuata, 2014, kikachukua tuzo ya Lambda, ile ya vitabu vya watu wa kuchu kule Marekani, upande wa mikusanyiko ya hadithi. Lakini tuzo weka pembeni, hadithi zenyewe zimesimama. Zipo za Waganda wawili, ipo ya Wame Molefhe wa Botswana ambayo ina msichana anaolewa kwa sababu kila mtu anasubiri aolewe, kipo kipande cha K. Sello Duiker ambaye alifariki bado kijana na ukimsoma unaumia ukiwaza angeandika nini tena. Beatrice Lamwaka wa Uganda ana hadithi ya mwanaume mmoja kijijini, upande wa Waacholi, anayefanya zile kazi zinazoitwa za wanawake, na hamna mtu anayetoa hotuba mle ndani, unamwona tu anavyoishi na watu wanavyomwangalia, na hiyo ndio aina ya uandishi ninayoipenda mimi, unaniachia mwenyewe nijue nimeumia wapi.

Halafu kuna "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko. Hii nimeisoma sijui mara ngapi na kila nikiirudia nakuta kitu. Anyango anamwandikia Sanyu, mwenzie waliokua pamoja kwenye nyumba za Nakawa, Kampala, Sanyu alishapelekwa London baada ya wawili hao kufumwa chini ya mzambarau, na jirani yao mmoja Mama Atim ndio mdomo wa mtaa mzima, yaani yule mama ameandikwa mpaka unasikia kanga yake inavyoburuzika. Mimi nilimjua Mama Atim kabla sijasoma, yuko Mabatini, yuko Igoma, mitaa yetu ya hapa Mwanza, anakusalimia vizuri sana asubuhi. Kinachonishika zaidi ni jinsi mwandishi anavyokaa na mapenzi ya hawa mabinti bila kuwaombea msamaha. Anaeleza estate, watoto, taka, wanaume wa pale, njaa ya pale, na mapenzi yapo humohumo katikati kama sehemu ya maisha ya Nakawa. Ukimaliza unakuwa unawajua watu, huna haja ya mtu kukueleza haki za binadamu.

Na sasa fuatilia hela ya hadithi hiyohiyo maana ndio ninachotaka watu waone. Ilichapwa kwanza 2006 kwenye mkusanyiko wa African Love Stories uliohaririwa na Ama Ata Aidoo, na mchapishaji hakuwa jitu kubwa, ni Ayebia Clarke, kampuni ndogo kule Uingereza ya mama wa Kighana. 2007 ikashinda Caine Prize, tuzo ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, na zawadi wakati ule ilikuwa pauni 10,000, Mganda wa kwanza kuipata. Miaka kadhaa baadae Wanuri Kahiu akaichukua kutengeneza filamu ya Rafiki, 2018, ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes na hukohuko nyumbani ikapigwa marufuku. Hadithi fupi tu ya Kampala, mji uko ziwa hilihili letu upande wa pili, na yote hayo yalianzia kwa mchapishaji mdogo aliyekubali kuiweka kitabuni. Mtu akikwambia hadithi za kuchu hazina soko Afrika mwambie akaisome hiyo historia taratibu.

Kasoro za Queer Africa nazo niseme. Afrika Kusini imejaa sana mle, unasoma hadithi kadhaa mfululizo uko Johannesburg au Cape Town na unajiuliza Bara zima liko wapi, na watu transi ni wachache mno kwa kitabu chenye jina kubwa namna hiyo. Kilitoka cha pili 2017, Queer Africa 2: New Stories, na mle angalau wameenda mbali kidogo, ila kwangu cha kwanza bado kina hadithi nzito zaidi.

Wa pili kwangu ni Jacana Media, hao nao wa Johannesburg, na namaanisha ile mikusanyiko yao ya Gerald Kraak. Hii ni tuzo waliyoianzisha na The Other Foundation, ilikuwa inachukua hadithi, mashairi, makala na hata picha kutoka Afrika nzima kuhusu jinsia na mapenzi na haki, zilizochaguliwa zinatoka kwenye kitabu, na mshindi alikuwa anapewa randi 25,000. Kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya milioni tatu, sio ya kuendea mjini na kurudi. Kitabu cha kwanza kilitoka 2017 na washindi walikuwa wawili, wote wa huku kwetu Afrika Mashariki: Farah Ahamed wa Kenya kwa hadithi yake "Poached Eggs", na Sarah Waiswa, mpiga picha mzaliwa wa Uganda anayeishi Kenya, kwa picha alizoziita Stranger in a Familiar Land. Zile picha ni za mwanamke mwenye ualbino akipita kwenye mitaa ya Kibera. Mtu wa Dar anaweza kuziangalia akasema nzuri akafunua ukurasa. Mtu wa Kanda ya Ziwa hawezi. Sisi tumekua tukisikia watoto wenye ualbino wanafungiwa ndani jioni, tumesikia panga, tumesikia waganga, na hapa kuna kitabu kinachomweka huyo dada pamoja na wanaume wanaopendana na wanawake wanaopendana na kinasema wote hawa wanatembea mtaa ambao ni wao na bado wanaangaliwa kama wageni. Ilibidi nifunge kitabu nikae kidogo. Sijaona mchapishaji wa huku kwetu aliyewahi kufikiri hivyo.

Uandishi kwenye mikusanyiko ile haulingani, nisiwadanganye, kuna makala mle zimeandikwa kama ripoti ya semina na unazipita. Lakini zilizo nzuri ni nzuri kweli.

Kwa upande wa Uingereza kuna Team Angelica, ya watu wawili tu, Rikki Beadle-Blair na John R. Gordon, wenyewe ni waandishi pia. Hao ndio walitoa Fairytales for Lost Children ya Diriye Osman mwaka 2013, Msomali aliyekulia Nairobi baada ya vita vya kwao kisha akaenda London, na kitabu kikashinda Polari First Book Prize, tuzo ya Uingereza ya kitabu cha kwanza cha mwandishi wa kuchu, mwaka 2014. Ukikisoma hadithi za Nairobi unasikia Kiswahili kinaingia katikati bila kuomba ruhusa na bila maelezo, na michoro ya ndani kachora mwenyewe. Ni kitabu cha mtu anayejipenda, hilo ndio niseme, kuna huzuni nyingi mle lakini hakuna sehemu anayojichukia, na kwa kijana aliyekulia madrasa au sandeskuli huku akisikia kila wiki kwamba yeye ni laana hicho kitu ni kikubwa. Hao hao Team Angelica wakaja kutoa Lives of Great Men ya Chike Frankie Edozien wa Nigeria, ikapata Lambda 2018. Watu wawili, vitabu vichache, na bado wanatambulika. Wanigeria nao wanae wa kwao, Cassava Republic, ilianzia Abuja 2006, 2018 wakatoa She Called Me Woman ambayo ni wanawake wa kuchu wa Nigeria wenyewe wanasimulia. Hicho bado nakisoma kidogokidogo, naona ni kile kilekile tulichofanyiwa sisi hotelini ila safari hii kimefanywa kwa heshima, kila mtu kapewa nafasi yake nzima toka utoto mpaka leo, hakukatwa akabaki sentensi mbili ndani ya kisanduku.

Upande wa transi lazima twende Marekani, huku kwetu bado sana. Topside Press ya New York ilianza na mkusanyiko wa hadithi za waandishi transi 2012, mwaka uliofuata wakatoa Nevada ya Imogen Binnie, riwaya ambayo watu transi walikuwa wanapeana mkono kwa mkono. Halafu mchapishaji akasimama kazi, kitabu kikaadimika madukani mpaka 2022 kiliporudishwa na kampuni kubwa, Farrar, Straus and Giroux. Mkusanyiko wao mwingine, Meanwhile, Elsewhere, umerudishwa na LittlePuss Press ya Cat Fitzpatrick na Casey Plett, ambao wenyewe ni wanawake transi. Hii habari naieleza kwa sababu moja: wachapishaji wadogo wanakufa. Wanaendeshwa na watu wawili watatu wenye kazi nyingine mchana, mmoja akiugua au wakigombana basi. Kwa hiyo ukipata mkataba, kabla hujaangalia hela angalia kile kipengele kinachosema haki za kazi yako zinarudi kwako lini kitabu kikiadimika au kampuni ikifa. Mkataba usiokuwa na hicho kipengele usisaini hata kama umeandikwa na mtu wa kuchu mwenzako mwenye roho nzuri kama mkate. Na ujue kwa kitabu kizima mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi ni asilimia 10 ya bei au pungufu, kwa hiyo usiache kazi yako ya mchana, ila kwa hadithi moja moja ulipwe mara moja kiwango kinachojulikana, na kiandikwe.

Hapo ndipo nawapenda Baffling Magazine. Ni jarida la hadithi fupi sana za kubuni zenye mizimu, sayari nyingine, vitu vya ajabu ajabu, zote zenye sura ya kuchu, linatoka kwa Neon Hemlock ya Washington, lilianza 2020. Mwongozo wao niliousoma ulisema wazi senti 8 za dola kwa neno, hadithi isizidi maneno 1,200. Piga hesabu: maneno elfu moja ni dola 80, kwetu hapa karibu laki mbili. Bei ilikuwa kwenye ukurasa wa kutuma kazi, huna haja ya kumuuliza mtu kwa aibu. Sisi tuliokulia na hadithi za chunusi wa ziwani na majini ya kwenye mawe haya ya Mwanza tuna mzigo wa kutosha kwa jarida kama hili, tatizo ni Kiingereza, na nitalirudia hapo chini.

Kulipwa kwenyewe sasa, maana hili halisemwi na wanaoandika orodha za majarida wakiwa Ulaya. Kwa huku Tanzania PayPal unalipia vitu tu, kupokea hela inagoma, na majarida mengi madogo ya nje yanalipa kwa PayPal na basi. Ukikubaliwa, kabla hujaruka ruka, waandikie imeili waambie uko Tanzania na uulize kama wanaweza kutuma kwa hizi kampuni za kutuma hela zinazoingia moja kwa moja kwenye simu, ukienda benki kwa dola 50 makato yanakula hadithi nusu. Wengi wanakubali ukiwauliza mapema. Wengine wanakaa kimya miezi, na hao siwapi kazi tena hata wawe na jina gani.

Na kwa transi kuna jambo la jina ambalo nalipa uzito kuliko hata kiwango cha malipo. Laini ya simu imesajiliwa kwa kidole na kitambulisho cha NIDA, hela inaingia kwa jina la NIDA, na jina la NIDA sio jina la mtu. Rafiki yangu, dada mmoja transi anayeandika vizuri kuliko mimi, alilipwa shairi lake na jarida moja la nje na nikamsindikiza kwa wakala kutoa. Wakala, mama mtu mzima, akaangalia simu, akamwangalia, akasoma lile jina kwa sauti watu wakiwa kwenye foleni. "Hii laini ya nani kaka... au dada?" Akajibu, "Ya kwangu mama, shikamoo." Yule mama akaitikia marahaba, akahesabu hela akampa, hakusema tena neno, na kwa Mwanza hiyo naihesabu ni bahati kwa sababu ingeweza kwenda vibaya sana pale pale. Sheria yetu, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinachohusu ngono wanayoiita kinyume cha maumbile, ni kifungo cha miaka 30 mpaka maisha, na ingawa kifungu hakisemi lolote kuhusu kuandika shairi, mtaani hawasomi vifungu.

Lakini lile jarida lilifanya kitu kizuri nikakiandika pembeni. Kwenye fomu yao kulikuwa na sehemu mbili, jina la kulipia na jina la kuchapa, na chini yake wakaandika kwamba jina la kulipia linaonwa na mtu mmoja tu wa mahesabu na halitoki popote. Dada yangu huyo alisoma ile sentensi akaniletea simu nami nisome. Shairi likatoka na jina lake, lile analoitwa na sisi tunaompenda. Mchapishaji anayelipa vizuri halafu akaweka jina la NIDA kwenye tovuti amemuua mtu, sisemi kwa kutia chumvi. Kwa hiyo yeyote anayetaka kutuma kazi, uliza hilo swali kabla hujatuma, na wakisema tutaangalia, acha.

Vinapatikanaje huku? Duka la kuviuza mjini sijaliona na sitegemei, maduka yetu ya vitabu ni vya kiada na Biblia na daftari, na Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, kwa hiyo hakuna mwenye duka atakayejitafutia matatizo. Njia ya kwanza ni nakala za simu, unanunua kwa kadi ya mtandao ya kwenye simu, unasoma kwenye simu janja yako na faili unaliweka kwenye folda yenye nenosiri. Njia ya pili ni mtu wako wa Nairobi akununulie, akutumie kwa basi linalopita Sirari, au wa Kampala apitishie Mutukula na Bukoba, kikiwa katikati ya nguo na vitabu vingine. Nakala zangu za karatasi zimefika hivyo na zinazunguka kwa watu ninaowaamini, zimechakaa, kuna moja ina alama ya mafuta ya dagaa jalada lote. Bure kabisa na bila mzigo ni jarida la Lolwe, lilianzishwa 2020 na Troy Onyango wa Kenya, na limechukua jina la ziwa letu kama wanavyoliita Wajaluo. Sio la kuchu peke yake ila hadithi zetu zinaingia pale kama hadithi nyingine, na hadithi yao moja, "The Giver of Nicknames" ya Rémy Ngamije, ilifika orodha fupi ya Caine 2021. Kwa kuanzia na bando dogo anza hapo.

Sasa Kiswahili. Hapa nina kinyongo na wote niliowasifia. Sijaona hata mmoja kati yao anayechapa Kiswahili, kwa hiyo kijana wa Kirumba anayeandika vizuri kwa lugha yake inabidi kwanza ajifunze kuumia kwa Kiingereza ndipo alipwe. Na sio kwamba ukanda huu hauna waandishi. Ukerewe peke yake, kisiwa unachokifikia kwa meli asubuhi, imetoa Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikazuiwa mashuleni kwa kuongelea mwili wa msichana wazi wazi, leo nani anamsoma aliyeizuia? Kitereza yeye alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe 1945, ikabidi mwenyewe aitie Kiswahili, ikachapwa Dar 1980, na 1981 mzee akafariki. Miaka 35 mswada umekaa. Nikiwaona wadogo zangu wa kuchu wanaandika kwenye noti za simu vitu vya kutoa machozi halafu wanafuta kwa kuogopa simu isishikwe na mtu, namkumbuka huyo mzee, na nasema hatuna hiyo miaka.

Inawezekana lakini, sio ndoto. Jalada, lile kundi la waandishi lililoanzia Nairobi, 2016 walichukua hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya Kikuyu wakaisambaza kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili ikiwemo, na watafsiri wengi walikuwa Waafrika wenyewe. Kwa hiyo watu wa kutafsiri wapo. Ninachowaomba MaThoko's, Jacana, Baffling na hao wengine ni hiki: fungueni dirisha la Kiswahili hata mwezi mmoja kwa mwaka, mlipe mwandishi kiwango kilekile mnachomlipa wa Kiingereza, mtafsiri naye mlipe fungu lake bila kulikata kwenye la mwandishi, na fomu iwe na zile sehemu mbili za jina. Wahariri wanaojua Kiswahili wapo Nairobi, wapo Dar, wapo hapa Mwanza, na mimi kuchapa miswada ya watu walioandika kwa mkono nitafanya, steshenari ikishafungwa jioni, kwa bei ileile iliyobandikwa ukutani na bila kuuliza ni ya nani.